Prosesa Mbili za Kopo Moja

Alhamisi, 3 Septemba 1987

Leo maisha yangu yameanza. Mhandisi Lokwa, aliyetoka Kinshasa kutengeneza kompyuta ya benki, anatafuta prosesa ya zamani, kidude cheusi chenye miguu ya rangi ya dhahabu, aiweke kwenye kabati la vioo la shule yao ya kompyuta huko Kinshasa. Atakayemletea ya kweli atapata nafasi ya masomo iliyobaki. Nafasi moja!

Na tonton Sefu, mjomba wa mtaa mzima na mwenye nyumba wetu, anazo mbili ndani ya kopo la maziwa. Moja aliing'oa mwenyewe kwenye mashine ya kiwanda kilichofungwa. Nyingine aliuziwa melini na mtu mwenye maneno mengi. Ipi ni ipi? Amesahau. Moja amenipa mimi, nyingine amempa Kadidja, binti wa kaka yake. Kadidja akacheka. Anacheka nini?

Ijumaa, 4 Septemba

Yangu imechakaa. Maandishi yamefifia kama ya kaburini. Ya Kadidja inang'aa! Lakini nina shahada ya sekondari, tawi la fizikia, sihukumu kwa sura. Nikaenda kwa tonton Sefu, anayenunua almasi mtaa wa Makiso na kujisifu kwamba hajawahi kudanganywa. (Na yule wa melini? Sikuuliza.)

Akasema: bon, mutoto, pumulia. Ya kweli, mvuke unatoka mbio. Ya uongo inabaki na ukungu.

Nikapumulia. Ukungu ukabaki. Nikapumulia tena, kwa upendo. Ukabaki. Nikajaribu kukata nayo kioo cha kabati la mama, maana almasi hukata. Kioo kizima. Miguu miwili ya prosesa imepinda.

Nikamwomba Kadidja, kwa upole, apumulie yake. Mvuke ukatoka papo hapo! Kisayansi, kesi imekwisha.

Jumamosi, 5 Septemba

Salongo. Kila raia afyeke mifereji kwa ajili ya taifa. Nikashikwa na malaria. Mama akasema malaria yangu inapenda sana Jumamosi.

Uani pakawa patupu. Nikaingia chumbani kwa Kadidja. Kabla ya kubadilisha prosesa nilijitazama moyoni. Sikupenda nilichokiona. Nikabadilisha. Miguu iliyopinda niliinyoosha kwanza kwa meno. Mimi si mkatili.

Mlangoni, chef wa mtaa! Panga mkononi. Akauliza, mtaa mzima ukisikia: Citoyenne Odile, malaria yako iko inalala kwa nyumba ya wengine?

Nimefyeka mfereji wote wa soko peke yangu, prosesa ikiwa ndani ya kitambaa cha kichwa. Kadidja akaniletea maji. Akanipa pole. Simvumilii.

Jumatatu, 7 Septemba

Mhandisi alitupokea benki, abacost, ile suti ya taifa isiyo na tai, imenyooka kwa pasi. Sikungoja kuulizwa, nikamweleza kanuni ya mvuke. Akasema, kama daktari mwenye habari mbaya, kwamba prosesa si almasi.

Kisha akalowesha pamba kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha, akasugua. Yangu ikajivua ngozi! Chini ya rangi ikatokea namba ya kidude cha redio. Walaghai, akaeleza, huchukua vidude vya ovyo, wakavikwangua, wakavipaka rangi na kuviandika upya. Ndiyo maana vinang'aa.

Akasugua ya Kadidja. Pamba ikabaki nyeupe. Ya kweli! Alishangazwa na jambo moja tu: mbona miguu ina alama za meno?

Nikapiga kelele kwamba hiyo ni yangu, meno ni yangu! Kadidja akanigeukia polepole. Ya kwako namna gani, Odile, na ilikuwa chini ya mto wangu?

 

Jumatano, 9 Septemba

Meli imeondoka na Kadidja, kwenda kwenye nafasi yangu ya masomo. Pale gatini alinikumbatia, akaniachia saa yake ya mkono nimtunzie mpaka likizo. Baba yake aliinunua Bujumbura. Eti ya Uswisi.

Inang'aa mno.

Nimeisugua kwa dawa ya kucha. Hakikutoka kitu. Hiyo haithibitishi lolote, walaghai nao wanaendelea na masomo. Nimeipumulia. Sijaridhika. Tonton Sefu anasema saa ya kweli hata ikilala majini haidhuriki.

Nimeshajaza ndoo.