Kamati ya Kulinda Fidla za Koboko

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Arua na Koboko, wakulima wa Ayivu wakiwemo, kwamba wilaya yetu ina okestra. Wapo wanaosema haipo. Mimi, Draku, Katibu wa Kamati ya Kulinda na Kuendeleza Okestra ya Watoto, nimepewa jukumu la kueleza jinsi chombo hiki muhimu kilivyoundwa, kwa sababu huko sokoni watu wanasema ovyo, na mdomo wa mtu wa sokoni hauna kufuli.

Ilikuwa mwaka wa tisini na moja. Wafadhili walituletea fidla mpya, kila moja na sanduku lake, pamoja na fidla moja kubwa ya kupigwa mtu akiwa amekaa. Zilikuwa za watoto wa darasa la sita na la saba katika shule moja ya Koboko, ambayo kwa heshima siitaji. Wengi wa watoto hao walikuwa wamerudi na wazazi wao kutoka Zaire na Sudan, walikokimbilia wakati wa vita, na wafadhili waliona kuwa muziki utawafaa. Sisi ofisini Arua tuliona jambo ambalo wafadhili hawakuliona, nalo ni kwamba mtoto ana vidole. Kidole kikigusa fidla, fidla inachakaa. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Obeti, aliunda Kamati siku hiyohiyo, na Kamati ikaazimia kuwa fidla zitunzwe stoo, Arua, mpaka watoto watakapojua kuzipiga.

Mtu mwenye haraka atauliza watajuaje. Mwalimu Lino aliuliza hivyohivyo. Huyu Lino ni mtu wa Koboko aliyejifunza fidla kwa mapadri wa Zaire, na ndiye aliyepangiwa kufundisha okestra. Alikuja Arua juu ya lori la mihogo, akaingia ofisini na vumbi lake lote.

"Mzee, mimi nakuja kuchukua fidla ya watoto," alisema.

"Watoto wamekwisha kufuzu?" Mwenyekiti aliuliza.

"Watafuzu namna gani, na fidla iko kwenu?"

"Mwalimu, wewe unaweza kumpa mtu gari kabla hajajua kuendesha?"

"Sasa wajifunze na nini? Na kiti?"

Mwenyekiti alinitazama, nami nikaandika: kiti, kifikiriwe.

Kilifikiriwa kwa kirefu. Mjumbe mmoja alikumbusha kuwa kiti nacho ni mali ya serikali na kina miguu inayovunjika. Mwishowe tuliidhinisha mti wa muhogo, ambao unapatikana kila mahali katika mkoa wetu wa West Nile na hauna hati. Kila mtoto angekuwa na vipande viwili, kimoja cha kuweka begani na kingine cha kutumia kama upinde. Lino alisikiliza uamuzi huo akiwa amesimama, akaomba maji ya kunywa, akarudi Koboko.

Nisisahau suala la sabuni. Ndani ya kila sanduku la fidla kulikuwa na kipande kidogo cha kitu kigumu, cha rangi ya asali, kimefungwa kwa kitambaa. Kamati ilikichunguza kwa kukinusa, ikabaini kuwa ni sabuni ya wapigaji, na kwa kuwa wapigaji walikuwa hawajafuzu, ikagawiwa wajumbe. Haikutoa povu. Mke wangu aliisugua kwenye shati langu jeupe mpaka akanikasirikia mimi, na kwa wiki nzima kola ilininata shingoni. Sikulalamika, kwa sababu msaada haukosolewi.

Baadaye nilitumwa Koboko kukagua maendeleo. Niliwakuta watoto wamekaa kwa safu, kila mmoja na mti wake wa muhogo begani, wanasugua kwenda na kurudi, na Lino mbele yao anawapigia mapigo kwa mkono. Nilisikiliza kwa makini sana. Sikusikia kosa hata moja, nikawapongeza.

Katika safu ya mbele alikuwapo msichana mmoja, Kiden, mrefu, mwenye macho yasiyompa mtu mzima nafasi ya kupumzika. Nilipomaliza pongezi aliinua mkono.

"Mzee, hii muti iko na sauti gani?"

"Sauti itakuja pamoja na kibali," nilimjibu.

Kabla hajauliza tena, mlango ulizibwa na baba yake. Bwana Kamisi alikuwa askari zamani, kabla serikali ya wakati ule haijapinduliwa mwaka wa sabini na tisa. Siku hizi anauza vitenge na sufuria soko la Koboko, lakini bado anasimama kama anangoja kukaguliwa. Aliwatazama watoto, akautazama muhogo, kisha akanigeukia mimi.

"Karani, mimi iko na maswali moja. Mutoto yangu nasugua nini?"

"Anajifunza okestra, afande."

"Mimi naona muhogo."

"Ni muhogo ulioidhinishwa."

"Kwangu muhogo iko shamba mzima. Kama ni kusugua muhogo, asugue nyumbani, mama yake apate kusaidiwa." Akamwelekea Lino. "Mwalimu, nasikia mgeni kubwa anakuja kutoka Kampala. Siku ile mimi nakuja. Kama masikio yangu, hii mbili, inasikia kazi ya Kiden, atamaliza darasa la saba. Kama hapana, kesho yake anakaa na mimi soko, anauza sufuria. Maneno imekwisha."

Kiden hakulia. Aliweka muhogo wake chini polepole. Nilimwonea huruma, tena sana. Lakini katika ofisi yetu huruma haina faili, nami sikujua niiweke wapi.

Nilipokuwa nakunywa chai kwa mwalimu mkuu, nilisikia kitu kutoka darasani. Nikarudi mbio. Watoto walikuwa wanaimba bila maneno, na kila mmoja alikuwa na sauti moja tu, anaitoa pale zamu yake inapofika kisha ananyamaza. Mmoja anasema "huu", wa pili anadakia, wa tatu anaziba pengo. Ukiwasikiliza wote ni wimbo. Ukimsikiliza mmoja, ni mtoto anayeguna.

"Mwalimu, hii ni nini?"

"Ni kama agwara, mzee. Unajua agwara."

Nani asiyejua agwara West Nile? Ni zile pembe ndefu za mti, zinazopulizwa kwa ubavu penye ngoma na sherehe. Pembe moja ina sauti moja, basi. Wimbo hauna mwenyewe, umegawanywa kwa wapulizaji wote, na mmoja akiacha kuja kila mtu kijijini anajua ni nani hakuja, maana wimbo unabaki na shimo la umbo lake. Lino alikuwa amewagawia watoto sauti namna hiyo. Kiden alipewa ile ya chini kabisa, ambayo nyingine zote zinakanyaga juu yake.

"Siku fidla inakuja," Lino alisema, "kila mutoto anajua sauti yake tayari. Anaitafuta tu kwa uzi."

Niliazimia kumkataza. Nilipekua kanuni kichwani mwangu, nikaona midomo ya watoto haimo katika mali za Kamati. Nikamwacha.

Mgeni alikuwa Bi Margaret, mkaguzi wa wafadhili. Tulitarajia Mzungu, tukaletewa mtoto wa Mvara, hapahapa Arua, mwanamke mnene mwenye miwani, anayejua Kilugbara, Kiswahili na bei ya maharage. Jambo hilo liliisikitisha Kamati. Hata hivyo tulikuwa na suala zito zaidi la kutatua: nani atashika fidla siku hiyo? Mtoto hawezi kuwajibishwa akivunja. Mwenyekiti alisema fidla ni kama bendera, hushikwa na mwenye cheo. Basi tukazigawa kwa vyeo. Yeye akachukua ile kubwa ya kupigwa mtu amekaa, mimi, mhasibu na wajumbe wengine tukapata za kawaida, na dereva wa Land Rover, kwa kuwa alikuwa hana cheo, akapewa sanduku tupu.

Uwanja wa shule ulijaa. Sisi tulikaa mbele, kwenye viti vyenye mito, tumevaa suti. Watoto walipangwa nyuma yetu na mihogo yao. Kiden aliangukia nyuma ya mgongo wa Mwenyekiti, ambao ni mgongo wa mtu aliyelishwa vizuri, asionekane hata kisigino.

"Sioni mutoto yangu!" Bwana Kamisi alipaza sauti kutoka kwa wazazi.

"Yupo, afande, kimuundo," nilimjibu. Hakuridhika. Alikunja mikono kifuani na kuvuta pumzi kwa pua, na mimi, kusema kweli, nilianza kuziona sufuria.

Mwenyekiti alihutubia. Alieleza jinsi Kamati ilivyojinyima usingizi, jinsi muziki unavyohitaji uongozi, akamalizia kwa kugonga ubavu wa fidla kubwa. "Mheshimiwa mgeni," alisema, "okestra unayoiona mbele yako ndiyo sisi."

"Haya," Bi Margaret alisema. "Pigeni."

Hapo nilisikia Lino akinong'ona nyuma ya sikio langu. "Mzee, ile dawa ya upinde iko wapi? Ile rangi ya asali?"

"Ile sabuni? Imekwisha."

Lino alifumba macho kidogo. Tangu siku ile nimeelimishwa kwamba ni utomvu mkavu wa mti, na kwamba upinde usiopakwa huo hauumi uzi, unateleza tu. Wakati huo sikujua. Niliona Mwenyekiti akiinua upinde wake, nami nikainua wangu, na Kamati nzima ikapiga kwa nguvu zake zote. Haikutoka hata pumzi. Tulivuta, tukasukuma. Jasho lilitutoka.

Nyuma yetu Lino akainua mkono, na watoto wakaanza. Huu, akadakia wa pili, akaziba wa tatu, na chini ya wote ile sauti nzito ya Kiden ikatandika njia. Akina mama waliacha kutafuna karanga. Mwenyekiti alitabasamu na kuyumba kwa mahadhi, akasugua fidla kubwa kama anayejua. Watu walipoanza kupiga makofi aliinamisha kichwa kuwashukuru, na mimi pia niliinama, kwa itifaki.

Bi Margaret alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasogea karibu.

"Endeleeni. Ni tamu sana. Bwana Mwenyekiti, hebu wewe pumzika kidogo."

Mwenyekiti akashusha upinde. Wimbo uliendelea.

"Na wewe, bwana mhasibu."

Mhasibu akaacha. Wimbo uliendelea. Akatupitia mmoja mmoja kwa kidole, taratibu, bila kutukana mtu, na kila tulipoacha watu walitega masikio kutafuta kilichopungua. Hakikupungua kitu. Kidole kilipofika kwangu niliweka fidla mapajani, nikasikiliza nilichokuwa nakichangia, na aibu ikanipanda kutoka miguuni. Wazazi walianza kucheka. Walianza kwa kujificha kwenye viganja, baadaye wakaacha kujificha.

Bi Margaret akazunguka mgongo wa Mwenyekiti. "Na wewe, binti, nyamaza kidogo."

Kiden akanyamaza.

Wimbo ukachechemea. Sauti za juu zilikanyaga mahali pasipo na kitu, zikaanguka moja juu ya nyingine, na mtoto mmoja akasimama katikati mdomo wazi. Hata watoto wachanga waligeuka kutazama. Na kabla mtu yeyote hajasema neno, Bwana Kamisi alikuwa amekwisha kusimama.

"Wapi ile ya chini?" alifoka. "Nani nakamata ile ya chini? Rudisha! Ile ni ya Kiden! Ile ni ya mutoto yangu!"

Hakuwa amemwona bado. Bi Margaret alimwashiria Kiden kwa kichwa aendelee, sauti ikarudi, wimbo ukainuka na kwenda, na yule askari mzee akabaki wima mbele ya watu wote, machozi yanamtiririka, anajifuta kwa kofia yake.

"Soko iko tu," aliwaambia waliokuwa karibu, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Soko itangoja. Mutoto anasoma."

Bi Margaret alitamka maamuzi yake pale pale, bila kikao, jambo ambalo Kamati imelilaani. Fidla zilibaki Koboko mikononi mwa watoto, na dawa ya upinde ililetwa upya. Halafu akasema okestra itaalikwa Kampala, wiki nzima, kulala na kula kwa wenyeji, pamoja na safari ya kuona ziwa. Nafasi za watu wazima zitakuwa chache.

"Nani anateua?" Mwenyekiti aliuliza haraka.

"Okestra yenyewe. Anayeisaidia kusikika, aende."

Watoto walimchagua Kiden kuwa kiongozi wao. Jumatatu iliyofuata Kamati yote ilisafiri kwenda Koboko na kupanga foleni nje ya darasa la saba, kwa vyeo. Bwana Kamisi alikuwa mlangoni, amejiteua mwenyewe kulinda utaratibu, na alituvunjia vyeo vyetu mara moja akatupanga kwa urefu. Mwenyekiti, ambaye ni mfupi, aliomba aanze kwa sababu ya majukumu ya kitaifa. Akakubaliwa.

Aliingia, akavua kofia mbele ya dawati. Kiden alikuwa amekaa na Lino ubavuni.

"Shikamoo, mzee," Kiden alisema kwa adabu. "Toa sauti yako tusikie."

Mwenyekiti wa Kamati ya Kulinda na Kuendeleza Okestra ya Watoto akakaza shingo na kutoa sauti ndefu, ya katikati, iliyotetemeka mwishoni. Kiden aliisikiliza mpaka ikaisha, akainamisha kichwa kama anayeitafutia mahali. Aliitafutia kwa moyo kabisa, niliona.

"Asante, mzee. Hii tuko nayo."

Mwenyekiti hakuondoka. "Kwa hiyo?" aliuliza.

"Kwa hiyo, mutu ingine!" Bwana Kamisi alifoka kutoka mlangoni.

Mtu mwingine huyo nilikuwa mimi.