Hundi Niliyoifumua kwa Wembe

Jumatatu, 17 Juni 1991

Mwalimu Bayingana amenipa hundi ya sare za kwaya yake. Hundi! Mimi Saidi, fundi wa Biryogo, nimekuwa mtu wa benki! Kasoro moja tu: ameandika tarehe 28, siku ya mshahara wake. Na Théoneste anauza cherehani yake wiki hii hii. Nzima kabisa! Munyaneza, fundi jirani, ameshaizunguka mara tatu. Akiipata yeye, nahama mtaa.

Suruali ikiwa ndefu, nafupisha. Tarehe hii nayo ni ndefu mno. Nimechukua wembe wa kufumulia nyuzi, nikaifumua ile 2 taratibu, nikaweka 1 kwa kalamu. Kumi na nane, yaani kesho. Mshono hauonekani. Nina mikono mimi!

Jumanne, 18 Juni

Mshono umeonekana. Mahoro, karani wa benki, aliinua hundi kwenye mwanga akanichungulia kupitia tundu. Akauliza nani ameigusa. Nikasema mende. Akasema sheki hii iko imekufa: ikibadilishwa bila ridhaa ya aliyeiandika haina kazi tena, hata nikiirudisha tarehe 28. Hata tarehe 28! Foleni nzima ilicheka.

Jumatano, 19 Juni

Nimekwenda kukiri kwa Mwalimu. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Akasema angetaka angeninyima nyingine, maana hundi nimeiua mwenyewe. Ameniandikia mpya, tarehe ile ile 28, kwa sharti nimpanulie koti bure. Nimempanulia huku nikiimba.

Kisha kwa Théoneste, roho mkononi. Cherehani ipo! Munyaneza alikuwa anaizunguka tu, mfukoni hana kitu. Nikamwomba Théoneste anisubiri hadi tarehe 28. Akasema sawa, ila kwa nini sikumwomba tangu Jumatatu? Maswali mengine ya ajabu.

Ijumaa, 28 Juni

Cherehani iko kwangu! Inaunguruma tangu asubuhi na Munyaneza amefunga dirisha. Furaha tupu! Benki sikwenda, kazi ni nyingi. Tarehe sijaigusa hata nukta; mimi si mtu wa kurudia kosa. Nimekata tu jina langu kwenye hundi, kwa mstari wa rula, nikaandika la Théoneste, ili akachukue pesa zake mwenyewe. Kazi safi. Ameondoka sasa hivi kwenda benki. Mahoro atajionea nilivyojifunza.