Hip-Hop Bila Kukwaruza Imenitia Aibu Mbale

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya maafande. (Si nguo hasa. Ingekuwa nguo, ningejifunga kitenge yakaisha.)

Wengi humu mnanijua. Rehema wa Walukuba, Jinja, DJ wa hip-hop. Na mnakumbuka niliandika nini juzi. Niliandika kwamba DJ anayekwaruza sahani kila dakika, ile wiki-wiki-wiki, anaficha kwamba hajui kuunganisha nyimbo. Nikasema hip-hop haitaki fujo hizo. Inataka masikio na hesabu. Mapigo yanakwenda manne manne. Ukihesabu vizuri, wimbo wa pili unaingia pale pale wa kwanza unapofunga mdomo, na hakuna anayeona mshono. Nikamtaja hata jirani yangu DJ Msumeno, kwamba akianza kukwaruza, mbuzi wa mtaa wanadhani kisu kinanolewa. Mkacheka. Nikalala kama malkia.

Jana rafiki yangu Grace akanipigia kutoka Mbale. Baba yake, Afande Okiror, anastaafu kazi ya magereza. "Baba anapenda hip-hop ya zamani kuliko chakula," akasema. "Na hapendi makelele." (Nusura nizimie kwa furaha.) Kisha akaongeza: "Bosi wake, Madam Apio, anatafuta DJ wa sherehe zao zote mwaka huu. Ukimpendeza huyo mama, umemaliza."

Saa tano asubuhi nilikuwa Mbale. Hema limefungwa uwanjani, malewa, yale machipukizi ya mianzi, yanachemka kwenye mchuzi wa karanga, wageni wanaingia wamenyooka kama misumari. Askari magereza, polisi, wastaafu wao, wake zao. Hata watoto walikuwa wanasalimia kwa saluti. Nikapanga kompyuta yangu, mashine ya kumiksia, na hedifoni zangu kubwa kama mabakuli.

Saa nane nikasema bismillah, nikaanza.

Wallahi, nilimiksi! Nyimbo zilikuwa zinapokezana kama watu wa nyumba moja. Hakuna mkwaruzo, hakuna king'ora, hakuna kujitaja jina. Nikasubiri watu wapagawe.

Watu wakala.

Baada ya muda mrefu akaja mzee mmoja na bakuli la supu. "Fundi, spika zimepona?"

"Hazikuwa zinaumwa, afande."

"Basi DJ anakuja saa ngapi?"

"DJ ni mimi."

Akaniangalia mikono. Akanywa supu kidogo. Akaniangalia tena mikono. "Mbona hufanyi kitu?"

"Ninaunganisha nyimbo, afande."

"Nyimbo? Huu si ni mmoja tu? Tangu nipewe supu hauishi."

(Nilikuwa nimepiga kumi na tatu! Ustadi wangu wote, mzee kaufanya wimbo mmoja usioisha.)

Hajafika mbali, Grace akaja mbio. "Rehe, usikasirike. Madam Apio anauliza kama kuna DJ mwingine tunayeweza kumpigia. Kuna mtu kamtajia Msumeno."

Msumeno! Nikahisi moto umeniingia sikio la kushoto ukatokea la kulia. "Mwambie Madam anipe dakika kumi," nikasema. "Atasimama mwenyewe kwenye kiti."

Nikaamua kutoa ule muunganisho wangu mgumu kuliko yote. Wimbo mmoja unatembea, mwingine unakimbia, na lazima uzifunge miguu pamoja bila mtu kujikwaa. Wakati huo mshereheshaji alikuwa amemaliza matangazo. Akaiweka maikrofoni yake juu ya meza, karibu na kidevu changu, akaenda kutafuta malewa.

Sasa, kwenye mashine yangu kuna vijiti vya kupandisha na kushusha sauti, vimesimama bega kwa bega. Cha wimbo wa kwanza. Cha wimbo wa pili. Cha maikrofoni. Nikafunika masikio yote mawili kwa hedifoni. Nikashusha cha kwanza. Nikapandisha cha pili. (Hivyo ndivyo nilivyoamini, na ningeapa.)

Masikioni mwangu, wimbo uliingia kama maji. Nikaanza kuhesabu kwa sauti kama ninavyofanya nyumbani.

"Moja! Mbili! Tatu! Nne!"

Nikainua macho. Afande Okiror amesimama! Nyuma yake, mzee wa supu kaweka bakuli chini, naye kasimama. Kisha polisi watatu. Kisha meza nzima ya wastaafu. Nikasema moyoni, naam, hatimaye hip-hop imewakamata.

"Moja! Mbili! Tatu! Nne!"

Wakajipanga mistari. Wakaanza kuzunguka hema, magoti juu, mikono inarushwa mpaka begani. Sijawahi kuona uchezaji wa namna ile, lakini nani anauliza? Walikuwa kwenye mapigo! Hakuna aliyekosea hata hatua moja!

Wimbo ukaanza kunitoroka kidogo. Nikaushika, nikaubembeleza kwa kidole. "Umekimbia," nikauambia. "Rudi nyuma. Nyuma!"

Mstari mzima ukageuka.

"Polepole sasa. Polepole... hapo hapo."

Wakapunguza mwendo. Mimi machozi yananilenga. Kumbe watu wa Mbale wanaelewa sanaa! Hata Madam Apio alikuwa ameingia mstarini, na kofia yake yenye manyoya mekundu. Ila yeye kwenye kugeuka alichelewa. Nikacheka peke yangu, nikasema (peke yangu, nilidhani): "Na wewe mama wa kofia ya jogoo, inua miguu! Unageuka kama lori la miwa!"

Mstari ukasimama. Wote kwa pamoja. Vichwa vyote kwangu.

Nikamwona Grace, mikono kichwani. Nikavua hedifoni.

Kimya. Muziki haupo. Haupo kabisa! Kitu pekee kilichosikika kwenye spika nne ni pumzi zangu. Kile kijiti nilichopandisha kilikuwa cha maikrofoni. Wimbo wa pili nilikuwa ninausikia mimi peke yangu, kwenye hedifoni. Wageni walikuwa wanasikia sauti ya mwanamke anayetoa amri za gwaride kwa Kiswahili, na wale watu, maisha yao yote, sauti ya namna hiyo ikitoka, miguu haingoji kuuliza ni ya nani.

Madam Apio akaja mpaka mezani. Taratibu.

"Ni mimi lori la miwa?"

"Hapana, Madam. Nilikuwa ninaongea na wimbo."

"Wimbo gani? Muziki umekufa kitambo."

Nyuma yake Afande Okiror alikuwa amejiinamia, mabega yanatetemeka. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka anashindwa kusimama. "Mwache, Madam," akasema, "mimi sijawahi kuwaona askari wetu wakigeuka vizuri hivi!"

Kwa hofu nikarukia kijiti cha wimbo ili muziki urudi. Nikakipandisha mpaka mwisho. Lakini mkono wangu mwingine ukaangukia ile sahani ya kukwaruzia iliyo kwenye mashine, ukateleza mbele, ukateleza nyuma.

Wiki! Wiki-wiki-wikiii!

Hema likalipuka. Vigelegele! Vijiko vinagonga sahani! Mzee wa supu akapanda juu ya kiti. "Haya! DJ amefika!"

Nikajaribu kurudi kwenye muunganisho wangu safi. Wakazomea. Nikakwaruza kidogo. Wakashangilia. Basi mimi Rehema, niliyewatukana wakwaruzaji wote wa Uganda ya mashariki, nimekwaruza mpaka saa kumi na moja. Kucha moja imekatika. Afande Okiror amecheza mpaka kavua viatu.

Wakati ninafunga nyaya zangu, Madam Apio akarudi. Kofia ameivua.

"Kazi ya mwaka huu ni yako," akasema. "Lakini hiyo wiki-wiki, siku nyingine uanze nayo mapema. Umetuchelewesha."

Nikafungua mdomo nimweleze habari ya masikio na hesabu na mshono usioonekana. Nikamwangalia usoni. Nikapiga mguu chini.

"Ndiyo, afande."

Tafadhali, msicheke humu kwenye grupu. Shangazi yangu yumo, na anajua nimekwenda Mbale kumnunulia vitenge.