Mtandio wa Paras na Waya Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Samahani, shajara. Tangu Diwali sijakuandikia. Binti yangu Mithu anaota meno, mimi naota usingizi.

Wifi yangu Paras anaolewa. Mama mkwe anatafuta mkono wa kuchapa nakshi kwenye mtandio wake wa harusi. Tuko wawili: mimi na Sugna, mke wa shemeji. Kila mmoja achovye kitambaa kwenye maji ya tunda la harda ili rangi ishike, akianike, akichape, ionekane nani anafaa. Sugna kaniambia nisijichoshe, mkono wa mwenye mtoto ni wa kubembelezea tu. Haya, tutaona!

Jumanne, 4 Machi
Nimechovya. Manjano safi! Sasa kuanika. Kiwanjani, juani, na Mithu kiunoni? Hata! Nimefunga waya wa chuma kutoka dirishani hadi kwenye mwarobaini. Akili ni mali. Tumelala mchana kutwa.

Jumatano, 5 Machi
Msiba. Chuma kikigusa harda, kitambaa hugeuka cheusi. Kila mtoto wa hapa Bagru, mji wetu wa wachapaji, anajua. Wino wetu mweusi tunaupata kwa vyuma chakavu. Nami nimesahau! Mstari mweusi ti katikati. Nimefua, nimesugua, umekaa pale pale.

Mpango mpya: nimechapa mistari mingine pembeni, yote ionekane nakshi. Kwenye wa tatu Mithu akanipiga teke, mstari ukapinda.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe kakitazama kitambaa changu. Halafu: "Binti, hii ndiyo barabara ya Jaipur?" Sugna akadakia kwamba pale kwenye wa tatu ndipo basi lilipopinduka. Nikasema ni mtindo mpya. Mama mkwe akajibu kuwa hata yeye aliuvumbua, alipoanika kwenye kitanda cha chuma akiwa na mimba ya mume wangu. Tukacheka mpaka tukashikana.

Mtandio kapewa Sugna. Mimi nitachapa wa Mithu, akiolewa. Ana meno mawili! Kitambaa changu mama mkwe kakifunga bembea. Mtoto kalala humo fofofo. Chai nimeinywa ikiwa moto. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Ijumaa, 7 Machi
Nimewaza sana. Kosa lilikuwa moja tu: waya ulikuwa na kutu. Na Sugna naye, maskini, anaunguzwa na jua huko kiwanjani. Nitamwanikia mtandio wa Paras kimyakimya, afurahi.

Kaka anakuja Jumapili kutoka kwa mama. Nimemwagiza sukari guru, karafuu za fizi za Mithu, soksi zake ndogo, na waya wa chuma. Mpya, unaong'aa, mrefu wa kufika hadi dirishani kwa Sugna.