Ndege ya Printa na Hukumu ya Kepteni

Habari iliyolitikisa benchi la Mama Tereza, muuza kahawa, Alhamisi ile haikuhusu bei ya kahawa wala mbolea ya ruzuku. Ilihusu ndege ya kivita, na aliyeileta ni Wendelin, mwenye stesheneri iliyo mkabala na benchi, ambaye mji mzima wa Mbinga unamwita Printa.

"Wazee shikamooni. Imetangazwa," alisema, simu mkononi kama mtu aliyebeba yai. "Inatoka Jumamosi."

"Marahaba. Nini inatoka?" aliuliza Placidi, mkulima wa kahawa kutoka Kitura. Wanamwita Bwana Shamba kwa sababu hushauri kila mtu kuhusu shamba isipokuwa mkewe, anayejua shamba lao likoje.

"Mig. Ile ya zamani, yenye tundu puani. Miaka miwili tumeisubiri."

"Serikali imenunua?"

"Ya kwenye kompyuta, baba. Mchezo wa kurusha ndege. Ila huu si mchezo wa watoto. Kila swichi iliyomo kwenye ndege yenyewe imo humu, na kila swichi inafanya kazi. Kitabu chake kina kurasa mia nne."

Kwenye kona ya benchi, upande wenye egemeo, Mzee Osmund alishusha kikombe chake taratibu. Huyo ndiye Kepteni. Alirudi kutoka jeshini akiwa kijana, na picha moja: yeye kasimama kando ya Mig, kofia ya rubani kwapani. Watu waliitazama picha wakamwita Kepteni. Yeye hakusema ni rubani, wala hakusema si rubani. Ukweli aliuacha uani, hakuufukuza wala hakuukaribisha sebuleni. Mkewe Veneranda, anayeujua, alimwonya mapema: "Usipokanusha leo, kesho utapaa." Hakukanusha. Sasa ni miaka zaidi ya arobaini yuko angani, na hata paroko humtambulisha kwa wageni kama rubani wetu mstaafu.

"Mimi naona ni fiksi tu," alisema Ignatio, muuza samaki kutoka Mbamba Bay, ambaye jina lake la benchini ni Usipa kwa ajili ya dagaa wa ziwani anaowauza. "Mtu umekaa kwenye kiti cha plastiki unasema unaruka. Basi na mimi nikikaa kwenye karai la maji niseme navua."

"Uhalisia, Usipa. Hili neno ulizingatie. Ukigeuza ndege kwa nguvu, rubani anaona giza kwa sababu damu inakimbilia miguuni."

"Wewe utaona giza?"

"Kioo kitaona giza."

"Kumbe kioo ndicho rubani," alisema Usipa, na Mama Tereza akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye jiko.

Mama Tereza huwa hana haraka ya kuingia kwenye mjadala, lakini akiingia huacha alama. "Rubani huyo anakojoa wapi?"

"Hilo halimo, mama."

"Basi uhalisia bado."

Printa hakukata tamaa. Akawaonyesha picha ya milima, iliyopigwa kutoka ndani ya mchezo. "Hii hapa milima yetu. Mtu ataruka kutoka Songea, apite juu ya Mbinga, atokeze ziwani."

Bwana Shamba aliisogeza simu mbali, akaileta karibu, akaisogeza mbali tena. "Ngolo ziko wapi?"

"Ngolo?"

"Mashimo, Printa. Umezaliwa Namswea halafu unaniuliza ngolo? Mlima wa Mmatengo una mashimo ya kulimia kutoka kileleni mpaka mtoni, kama sega la nyuki. Huu umepigwa pasi. Mvua moja tu, udongo wote huo uko kwa kina Usipa."

"Na tutaupokea," alisema Usipa. "Mambo mazuri yote ya Mbinga hutufikia kwa njia ya mafuriko."

"Wanaotengeneza wanahangaika na ndege, si mashimo," alijitetea Printa. "Huko mtandaoni wapo waliogombana mpaka wakafungiwa, sababu ni mshale mmoja wa mafuta. Huyu anasema unashuka haraka, yule anasema polepole."

"Wamewahi kuirusha?" aliuliza Bwana Shamba.

"Hakuna hata mmoja."

"Basi ni kama sisi na kocha wa timu ya taifa."

Hapo Printa aliinuka, akamgeukia Kepteni, na Kepteni akajua kabla hajaambiwa. Mtu mzima huhisi panya akiwa bado darini.

"Lakini sisi tuna bahati," alisema Printa. "Wao wanabishana kwa kusoma. Sisi tuna mwenye ndege. Jumamosi Kepteni atakaa kwenye kiti, aiwashe, aseme ni kweli au ni kamba. Nimeshawaandikia kwamba Mbinga kuna mzee aliyeirusha hii yenyewe. Watu kumi na saba wanasubiri hukumu yake. Mmoja yuko Ujerumani."

"Jumamosi nina jumuiya," alisema Kepteni.

"Jumuiya ni asubuhi," alisema Mama Tereza. "Na safari hii mnasalia kwangu. Mnamaliza saa tatu."

"Macho yangu nayo..."

"Nitakuza maandishi, mzee wangu."

"Kepteni anaogopa?" aliuliza Usipa kwa sauti ya upole, na Usipa akiwa mpole ndipo wa kumchunga.

"Niogope nini, mimi?" alisema Kepteni. "Nichapie hicho kitabu. Nijikumbushe."

Printa alimchapia sura ya rubani tu, kurasa sitini. Zilizobaki zilihusu watu wa chini: wajaza mafuta, wavuta ngazi, wafuta vioo. "Hao hawatuhusu," alisema. "Tutamaliza wino kwa ajili ya wafagizi."

Kepteni alizipokea karatasi, akazitia kwapani.

Ijumaa nzima alikaa kando ya vichanja vya kahawa akisoma, huku Veneranda akigeuza buni na kumtupia jicho. Kila kitu kilichotajwa alijua kilipo kwa nje, kwa maana ya upande gani wa ndege. Kwa ndani alikuwa anasoma kama mtu anayeitikia litania ya Kilatini: sauti inatoka, maana iko Roma.

"Unatafuta nini humo?" aliuliza Veneranda.

"Njia ya kushuka."

"Njia ya kushuka ni kuwaambia watu. Sikusikii ukiwaambia. Unaniambia mimi tu."

Jumamosi saa nane kioo kikubwa cha kompyuta ya stesheneri kilikuwa kimegeuzwa kikatazama mlangoni, na benchi la Mama Tereza limevushwa barabara na mikono minne. Kiti cha rubani kilikuwa kile cha plastiki, lakini Printa alikitandikia kitenge kwa heshima.

"Karibu, Kepteni."

Kepteni alikitazama kiti. Halafu akaja na kauli aliyoitunga njiani, na ilikuwa nzuri kwa kweli. "Rubani mzee hafundishi kwa mikono, hufundisha kwa macho. Kaa wewe, Printa. Mimi nitakuwa mkaguzi."

"Mnaona mtu aliyesoma?" alisema Bwana Shamba. Hata Usipa aliinamisha kichwa.

Printa akakaa. Akasoma karatasi, akabonyeza. Betri. Taa zikawaka. Pampu ya mafuta. Mshale ukanyanyuka. Kila baada ya swichi mbili alimwangalia mkaguzi, na mkaguzi alitikisa kichwa kwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo, au kufukuza nzi.

Kisha injini ikawaka.

Ilianza kama mluzi wa mbali, ikapanda, ikapanda tena, ikawa mngurumo wenye mluzi ndani yake. Mkono wa Kepteni uliinuka wenyewe ukaziba sikio la kushoto, maana miaka ile ndege ilikuwa daima upande wake wa kushoto. Akasikia harufu ya mafuta ya taa ambayo haikuwepo. Aliyeitengeneza sauti ile, popote alipo duniani, alikuwa amekaa karibu na ndege yenyewe akaisikiliza kama daktari.

"Vipi, Kepteni?" aliuliza Printa.

"Ndiyo yenyewe," alisema, na hilo halikuwa neno la mkaguzi.

Printa akasukuma mkono wa nguvu. Ndege ikatetemeka. Akasukuma zaidi. Kioo kikatetemeka, kitenge kikateleza, injini ikapiga kelele hadi abiria wa bodaboda akateremka kuja kuangalia. Ndege haikusogea hata unene wa kucha.

"Iko kwenye tope," alisema Bwana Shamba.

"Imetia nanga," alisema Usipa.

"Breki nimeachia." Printa alikuwa anapekua karatasi. "Ukurasa wa arobaini na mbili, breki nimeachia. Mafuta yapo. Nguvu ipo. Haiendi."

"Nilisema ni fiksi," alisema Usipa. "Miaka miwili mmesubiri redio yenye picha."

Printa aliizima injini. Alikuwa na sura ya mtu aliyechumbia kwa picha. Akavuta kibodi. "Basi ngoja niwaandikie. Watu kumi na saba wanasubiri. Nawaambia rubani wetu ameikagua, ndege ni feki, haiwezi hata kutembea. Niandike hivyo, Kepteni?"

Wote wakamgeukia. Kepteni aliona mlango ulivyokuwa wazi. Neno moja tu, ndiyo, na ndege ingezikwa leo, wala hakuna ambaye angemwomba tena akae kwenye kiti chochote. Angerudi kwenye kona yake, na paroko angeendelea kumtambulisha.

Lakini ile sauti ilikuwa bado masikioni mwake. Aliitazama ndege pale kiooni, imesimama jua likiipiga mgongoni, imetengenezwa vizuri, inasingiziwa.

"Andika..." alisema. "Hapana. Usiandike. Umeondoa vigingi?"

"Vigingi gani?"

"Vya magurudumu. Kimoja mbele ya tairi, kimoja nyuma, vimeunganishwa kwa kamba. Vyekundu."

Printa alipekua. "Kwenye sura ya rubani havimo."

"Havimo. Iangalie ndege kwa nje."

Printa akabonyeza, picha ikatoka ndani ya ndege, ikashuka, ikasogea magurudumuni. Vilikuwepo. Vyekundu, na kamba zake.

"Wee," alisema Mama Tereza kwa sauti ndogo.

"Sasa swichi yake ni ipi?" aliuliza Printa, anachekelea tena. "Ya kuviondoa."

"Havina swichi. Anaondoa mtu."

"Mtu gani?"

Kepteni alivua kofia yake ya sufu, akaikunja mara mbili, akaiweka gotini.

"Mimi," alisema.

Pikipiki ilipita. Ikaenda mpaka kona ya soko, ikapotea.

"Wewe ulikuwa mwenye vigingi," alisema Usipa hatimaye.

"Vigingi, ngazi, na kifuniko cha pua. Miaka sita."

"Na kofia ya kwenye picha?"

"Mwenyewe alikwenda msalani. Akanishikisha."

"Kumbe wanakojoa," alisema Mama Tereza.

"Kwa hiyo hujawahi kuruka?" Bwana Shamba alikuwa ameumia kuliko wote. "Kwenye harusi ya binti yangu Theodosia nilikupa paja zima la mbuzi. Nilisema kwenye kipaza sauti, hili ni la rubani."

"Niliruka mara moja, ndege ya mizigo. Nilitapika kutoka Dar mpaka Tabora." Akafikiri kidogo. "Na lile paja lilikuwa gumu, Placidi. Sikutaka kusema."

Usipa ndiye aliyeanza kucheka, lakini si kicheko cha kuuma alichokizoea. "Miaka arobaini umenikalia upande wenye egemeo, mzee. Mgongo wangu ulikuwa unajua."

"Hamia leo."

"Sihamii. Nitazoea vibaya."

Printa ndiye hakucheka. Alikuwa amezishika kurasa zake sitini anazitazama kama risiti ya kitu alichoibiwa. "Mimi ndiye niliyesema wafagizi hawatuhusu," alisema.

"Ulisema."

"Sasa hawa watu kumi na saba niwaambie nini?"

"Waambie nimeikagua ndege. Haikukubali kuondoka bila mtu wa chini. Basi ni ya kweli."

Printa akaandika hivyohivyo. Kisha akapekua kwenye mchezo, akapata sehemu ya kuwaita watu wa chini, akaita. Kijana mdogo mwenye ovaroli alitokea kiooni, akainama, akavuta vigingi, akakimbia navyo.

Kepteni alisimama wima. "Huyo mjinga anapita mbele ya pua. Injini ikiwa imewaka, anamezwa mzimamzima. Andika na hilo. Mtu wa chini hupita nyuma ya bawa, anaonyesha vigingi juu ili rubani avihesabu, ndipo anatoa ishara ya kuondoka. Hapo ndipo uhalisia wao umekufa."

"Polepole, Kepteni, naandika."

Hakuna aliyegutuka kwa lile jina, hata aliyelitamka.

Printa akawasha tena, na safari hii hakugusa mkono wa nguvu mpaka mzee aliposimama pembeni ya kioo na kunyoosha dole gumba. Ndege ikakimbia, ikainua pua, ikaondoka Songea. Benchi zima liliinama kushoto ilipoinama kushoto. Walipita juu ya milima iliyopigwa pasi, Bwana Shamba akiilaani njia nzima. Likatokea ziwa, la buluu, pana, na Usipa akaruka mbele ya kioo.

"Pale, pale, Mbamba Bay. Shuka nione kwangu."

"Siwezi kushuka namna hiyo."

"Kidogo tu. Paa la bluu."

Printa alishuka kidogo. Akainamisha bawa kidogo. Ndege ikazunguka mara moja, ikazunguka ya pili, ikageuza tumbo juu, ikaingia ziwani na wote ndani.

Maji yalitulia. Maandishi mekundu yakatokea. Kwa mazoea ya miaka arobaini, vichwa vyote vilimgeukia mzee vikitaka maelezo.

Mzee Osmund alivaa kofia yake, akaliinua benchi upande mmoja ili lirudishwe ng'ambo, na alionekana mwepesi kuliko alivyokuwa tangu Alhamisi.

"Msinitazame mimi," alisema. "Mimi niliiacha salama. Muulizeni rubani."