Kiti Namba Tatu

Jumatatu, 4 Machi
Marufuku ya pombe kwenye mabasi imeanza leo. Abiria akikutwa anakunywa, haruhusiwi kupanda basi letu lolote kwa wiki mbili. Malalamiko yalifika kabla ya saa nne: eti wakaguzi wanawapekua wenye viatu vya vumbi tu, wenye tai wanapita.

Mkuu wa ofisi akauliza nani ana mpango wa haki. Ijumaa anaamua kama nitathibitishwa kazini au la, kwa hiyo nikanyoosha mkono.

Mpango wangu: kopo la maziwa ya unga, ndani yake namba za viti, moja hadi arobaini. Kila asubuhi zinachomolewa tano. Wakaguzi wanapekua viti hivyo katika kila basi, awe nani awe nani. Mkuu akasema kumbe nina akili. Kalamu Nne, karani mwenzangu (hubeba nne mfukoni, hakuna inayoandika), akanuna mpaka saa ya kutoka.

Kasoro moja. Mjomba hukaa kiti namba tatu kila asubuhi na chupa yake ya chai. Si chai. Na mimi nalala chumba cha uani kwa mjomba. Akikamatwa, godoro langu litakuwa barabarani.

Kikaratasi cha namba tatu nimekitafuna. Kina ladha ya gundi.

Jumanne, 5 Machi
Kopo linafanya kazi! Wamekamatwa sita, mmoja ana tai ya hariri. Watu wamepiga makofi ndani ya basi. Yumo pia fundi rangi mmoja, alikuwa na kichupa, anasema alipiga mafunda mawili tu ya kuondoa baridi. Anaishi mwisho wa njia. Itambidi atembee.

Jioni nikamnong'oneza mjomba kwamba asihame kiti chake kamwe. Akanikumbatia. Akasema dada yake alizaa mtu.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Dereva wa basi la saa moja ameleta taarifa: wanaume wawili, watu wazima wenye wajukuu, wamepigania kiti namba tatu. Kila mmoja na chupa ya chai. Basi la saa mbili, hivyo hivyo. Kuna mwanamama aliyekaa hapo kwa bahati mbaya, wakamsihi ahame kana kwamba wanambembeleza mgonjwa.

Kalamu Nne akasema kwa sauti kwamba kiti hicho lazima kina sukari. Nikacheka kuliko wote.

Nikamuuliza mjomba. Akaapa kwamba alimwambia mtu mmoja tu, tena mtu wa siri.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi rangi amekuja ofisini. Ametembea tangu alfajiri. Akaketi kwenye benchi, kofia magotini, ukosi una chokaa. Hakugomba. Ningependa angegomba.

Akaniuliza, kwa upole, kijana, mnachaguaje? Nikamweleza haki ya kopo, vizuri sana, kama nasoma hotuba. Akaomba kuliona. Akamwaga vikaratasi mezani, akavipanga safu safu, vinne vinne, kama viti vilivyo ndani ya basi. Alisema yeye hupima kuta, hawezi kuona kitu bila kukipanga. Akamaliza. Safu ya mbele ina pengo.

Alinitazama tu, mimi nikatazama pengo.

Kalamu Nne ndiye aliyemwita mkuu. Nikasema labda upepo. Mkuu akatazama madirisha yetu, ambayo hayajafunguka tangu nianze kazi. Akaniamuru niandike namba tatu mbele ya wote. Kalamu Nne akanikopesha kalamu. Hii iliandika! Kuanzia sasa kopo linakaa kwake.

Nilikusudia kumwonya mjomba jioni. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Alikuwa anaimba huku anajaza chupa. Nikarudi kulala.

Ijumaa, 8 Machi
Namba ya kwanza kuchomolewa: tatu.

Mjomba alimwambia mkaguzi, mbele ya basi zima, kwamba hawamjui wanayecheza naye, kwamba mpwa wake ndiye mwenye kopo. Mkaguzi ameandika yote, kwa mwandiko mzuri.

Sijathibitishwa. Nimeongezewa miezi sita ya majaribio, meza yangu sasa ipo karibu na choo. Kalamu Nne amethibitishwa. Amenunua kalamu ya tano.

Mkuu amewasamehe wote waliokamatwa kabla namba tatu haijaingia, kwa kuwa bahati nasibu haikuwa ya haki. Nikaandika mwenyewe barua ya fundi rangi, aliyekuwa amerudi ofisini, nikampelekea benchini. Akasema asante. Ila ile nyumba aliyokuwa anapaka, wamempa mtu mwingine, kwa kuwa alichelewa siku tatu mfululizo. Akaikunja barua, akaiweka ndani ya kofia. Alipotoka alikwenda kwa miguu, ingawa basi lilikuwa limesimama pale pale.

Nimeshindwa kula.

Jumapili, 10 Machi
Mjomba hasemi nami. Anawasiliana kupitia kwa mkewe: mwambie huyo nampa mpaka mwisho wa mwezi.

Nimelala chali mchana kutwa nikitafakari makosa yangu. Nimeyaona waziwazi. Kosa lilikuwa kutegemea kiti. Kila kiti kina namba, na namba huonekana ikikosekana. Lakini anayesimama hana namba! Wiki mbili zikiisha, mjomba asikae. Ashike nguzo, chupa kwapani, hakuna kopo duniani litakalomchomoa.

Nimekwenda kumweleza kupitia dirisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Uso ukalegea, akaniita mpwa tena. Godoro limepona.

Nimemwomba asimwambie mtu. Ameapa. Atamwambia mmoja tu.