Mashini ilisema mètre kumi na mbili

Bandugu wa groupe, leo mi nimepata haya. Haya ya kweli, ya kulowesha suruali. Ninaiandika mi mwenyewe mbele wengine hawajawaelezea, juu pale beach, kwa bandari ya muto, kulikuwa batu bengi, na kila mutu na simu yake mukononi.

Munanijua. Mi mutu wa Maniema. Nilifika Kisangani na kinga moja, baiskeli ya kusukuma, na bidon mbili ya mafuta ya mawese. Masomo yangu iliishia troisième primaire, darasa ya tatu (mwalimu njo alikimbia, hapana mi). Leo niko na nyumba, niko na depo, na tangu mwezi uliopita niko na canot, boti ya moteur. Canot ya kutembea tu siku ya dimanche, siku ya kupumuzika, na viti ya mousse laini. Kuogelea sijui. Lakini nani anauliza mutu mwenye canot kama anajua kuogelea?

Bon. Leo bakwe balikuwa banakuja. Muchumba wa binti yangu Godelive ni mutu wa Isangi, jamaa ya maji, bale banazaliwa na kafi mukononi. Baba yake, Papa Lokuli, alikuwa anakuja mara ya kwanza, pamoja na dada mukubwa wa ule baba, Tantine Bolumbu. Na mi najua bakwe: wasipokuheshimu siku ya kwanza, mutoto wako ataitwa «binti ya yule wa pori» mpaka azeeke. Mi sikutaka vile kwa Godelive. Nikasema, leo nitawapandisha canot, na bataona kama mutu wa pori naye anajua fleuve, muto yetu mukubwa.

Ilibaki kitu moja: mashini ya kuongoza.

Asubuhi nikaenda kwa muuzaji, mutu mupole mwenye miwani. Akanitolea tatu. Ya kwanza ndogo kama simu: inapima tu maji iko mètre ngapi chini ya canot. Ya pili inaonyesha karte, ramani ya njia. Ya tatu kubwa kama televizio: inapima, inaonyesha karte, na inaona hata samaki.

— Papa, kwa fleuve yetu uchukue ile ndogo, akasema. Karte ya hii kubwa ni ya bahari. Fleuve yetu haiko ndani.

— Umeniona mi mutu wa kitu kidogo?

Nikabeba ile ndogo kwa mukono. Nyepesi kama beignet, andazi tupu. Nikabeba ile kubwa. Nzito! (Kwa soko, uzito haidanganyi. Betri, sabuni, mbuzi, ni vile vile.) Akaiwasha. Maji ya bleu, samaki inapita polepole, na kwa kona namba kubwa: 12.

— Mètre kumi na mbili, akasema. Bon, nikuletee yako ndani ya carton.

— Carton? Hapana! Nataka hii hii ninaona inafanya kazi.

(Kuna siku nilinunua radio ndani ya carton, imefungwa muzuri na scotch. Kufika nyumbani, nusu ya tofali imelala ndani. Tangu siku ile, kitu yenye haikuwashwa mbele ya macho yangu haiingii kwangu. Na nyinyi bote munafanya vile, musijifanye.)

— Papa, lakini hii iko ya kuonyesha bateja. Basi acha niibadilishe kidogo, kuna kitu ya...

— Usiiguse! Vile iko, vile naibeba.

— Lakini Papa...

— Umeshauza ao haujauza?

— Nimeshauza.

— Basi maneno imekwisha.

Akavua miwani, akaipangusa. Mi nikatoka na mashini kifuani kama mutoto wa ubatizo.

Saa sita, mekanisien akaifunga mbele ya usukani. Nikamuambia naye: kufunga tu, kugusa hapana. Tukaiwasha. Mètre kumi na mbili! Hata vile canot ilikuwa imefungwa kwa nguzo pale pembeni ya beach, kumi na mbili. Nikasema, kumbe beach yetu iko na kina hivi, na miaka yote hatukujua!

Saa tisa bakwe bakafika. Papa Lokuli alivaa kostimi, suti ya kijivu, na viatu ya kungaa. Mutu wa maneno kidogo. Tantine Bolumbu, mutu wa maneno mingi. Mi, bibi yangu Mama Feza, mama ya Godelive, na Godelive mwenyewe, tukakuwa batano. Nikavaa gilet yangu ya kuelea, nikakaa kwenye kiti yangu, tukaenda.

Munajua maji imepunguka sana siku hizi. Lakini mi nilikuwa na wasiwasi gani? Kwa écran, ile kioo ya mashini, kulikuwa kisiwa mbele. Nikainua macho: ni kweli, mbele yetu kisiwa! Nikapiga mukono kwa goti.

— Papa mukwe, unaona? Inaona kisiwa!

— Na mi nakiona, akajibu polepole.

Tukapita karibu na pirogue, mitumbwi za kuvukisha batu. Nikatangaza kwa sauti, ili basikie bote: «Mètre kumi na mbili! Na samaki tatu!» (Ndiyo, mi njo nilitangaza vile. Sikatai.)

Kisha Papa Lokuli akaangalia maji kule mbele.

— Papa, pale maji imekunja uso.

— Mashini inasema kumi na mbili.

— Ah. Sawa.

 Mutu amekuja kuombea mutoto wake bibi kwako, hawezi kukubishia ndani ya canot yako. Lakini nikaona anainama. Anavua kiatu ya kwanza. Anavua ya pili. Anaingiza soksi ndani ya mufuko, anakunja suruali mpaka kwa goti, muzuri, kama mutu wa kupiga pasi. Mi nikafurahi! Nikamunongoneza Mama Feza:

— Umeona heshima ya batu ba Isangi? Canot yangu anaiona kama salon.

Mama Feza akainama. Na yeye alianza kuvua viatu.

Puuu!

Canot ikasimama. Sisi tukaendelea. Tantine akaangukia mugongo yangu na sakosi yake ya mukono. Moteur ikalia, nikaizima. Canot ikalala kidogo upande, mi nikateleza kutoka kwa kiti, na kabla sijasema Yesu, miguu yangu iko inje na mikono yangu imeshika ukingo.

Nikaangalia écran. Mètre kumi na mbili.

Bandugu, mi nikaona kifo. Nikakunja magoti mpaka kifuani, nisiguse ile maji. Nikafunga macho. Nikalia kwa sauti:

— Godelive! Ubaki na mama yako! Funguo ya depo iko chini ya godoro!

 Hakuna mutu alinikamata. Kisha nikasikia sauti ya Papa Lokuli, karibu sana, nyuma ya sikio yangu, pole kabisa:

— Papa. Shusha muguu.

— Siwezi! Ni kumi na mbili!

— Shusha tu.

Nikafungua jicho moja. Alikuwa amesimama pembeni yangu. Amesimama! Maji haikufika hata kwa goti yake. Nikashusha muguu. Muchanga. Nikashusha ya pili. Muchanga. Mi mutu muzima, na gilet, nimening'inia kwenye canot yangu juu ya maji ya kunawa miguu.

Kutoka pirogue moja, mama mumoja na beseni yake ya pondu, majani ya mihogo, akaniita:

— Papa, samaki tatu iko wapi?

Pirogue muzima ikacheka mpaka ikayumba. Godelive alikuwa anaangalia écran kwa karibu.

— Papa, hapa juu, maandishi ndogo. Banasema hii ni picha ya maonyesho tu. Haijapima kitu tangu asubuhi.

Papa Lokuli akanishika mukono, akanipitisha kwenye muchanga mpaka pirogue iliyoturudisha beach, hatua kwa hatua, kama mutoto anaenda masomo. Viatu yake ilikuwa kavu. Yangu musiulize.

Nyumbani tulikula liboke, samaki ya kupika ndani ya majani. Nikawaza: imekwisha, Godelive ameshakuwa binti ya yule wa pori. Mwishoni Papa Lokuli akanawa mikono, akasema bila kucheka:

— Papa, mashini yako haina kosa. Ilisema mètre kumi na mbili. Haikusema wapi.

Tantine akalipuka kicheko. Mama Feza akalipuka. Mi nikajaribu kukaza uso, ikashindikana. Kisha akaniambia, «Mukwe, siku ingine mi nitakaa mbele, we utakaa kwa usukani.» Mukwe, alisema. Hakusema Papa.

Basi nikachukua liste ya mahari. Pale nilikuwa nimeandikisha kostimi ya baba wa binti, nikaifuta. Nikamuambia Godelive aandike: upondo mumoja, muti murefu, ya kupimia maji, na mukwe mwenyewe ataikata.

Mashini nimeiweka kwa salon. Bado inawaka, bado kumi na mbili, na samaki inapita. Kwa hiyo mwenye kuja kunipa pole, asicheke: avue viatu kwa mulango, na aingie polepole.